Maman Amecheza Nkanka

Habari kwamba Maman amecheza niliipata Jumatatu asubuhi, nikiwa napanga vitenge kwenye meza yangu sokoni Kamembe. Aliyeileta ni mume wangu, Harelimana, na yeye ni mtu wa kuleta habari mbaya huku anacheka. Alinisogezea simu mpaka karibu na pua.

"Angalia mama yako," akasema.

Nikaangalia. Ulikuwa uwanja wa mdogo wangu Umuhire, kule Nkanka kando ya ziwa. Naujua kwa ule mteremko wake na mihogo iliyoanikwa kwenye mkeka. Watu wamesimama duara wanapiga makofi, kuku wanapita katikati ya miguu yao, na ndani ya duara yupo Maman. Fimbo hana. Mikono iko juu, shingo imelegea, miguu inakanyaga udongo taratibu, na anacheka, meno machache aliyobakiwa nayo yote yako nje.

Simu ilikuwa ya watoto wa Umuhire, ndiyo maana picha inatikisika na sauti imejaa upepo wa ziwa, huwezi kusikia wanaimba nini. Lakini kuona niliona. Niliirudia ile video mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nauza vitenge au nauza simu.

"Mcheza kwao hutunzwa," Harelimana akasema.

"Kwao ni kwangu!" nikamjibu. "Mimi ndiye mkubwa."

Niliona wivu. Sitatafuta neno jingine la kuupaka sukari. Chakula cha mchana siku hiyo nilikirudisha nyumbani kama nilivyokibeba.

Ili unielewe, ujue kwanza kwamba ngoma za familia yetu nilizianzisha mimi. Kabla yangu, ukoo huu ulikutana kwenye misiba tu. Mimi, Mukantwari, ndiye niliyesema tusizoeane kwa vilio peke yake. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, kesho yake ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, watu wanatoka misani wanakuja kwangu. Wanakula sombe ya majani ya muhogo, ugali wa muhogo na sambaza, vile visamaki vya ziwani, wa kukaanga. Pombe haiingii, ipo juisi ya ndizi, chai, na soda kwa watoto. Halafu tunacheza, wazee kwa vijana, ndugu kwa majirani, hadi jua likianza kushukia upande wa Bukavu. Hapo kila mmoja anakwenda kwake na akili zake timamu.

Na ni ngoma za heshima. Uwanja wangu umesakafiwa. Nina viti vya kutosha, nina spika. Hakimu, jirani yangu fundi cherehani, ndiye aliyetushonea sare, na ndiye anayepiga ngoma, maana mikono yake haijui kutulia hata siku ambayo cherehani imefunikwa. Nyimbo nachagua mimi, zile za Kinyarwanda safi unazozisikia kwenye harusi za watu wakubwa. Watoto nawafundisha mimi: mikono ipande kama pembe za ng'ombe, kifua mbele, tabasamu lisianguke.

Na Maman? Kiti chake ndicho chenye mto, kivulini, karibu na mlango. Sahani yake ndiyo inayotangulia. Akijaribu tu kuinuka, tunamkimbilia watu watatu: "Maman, keti, utachoka!" Sasa niambie, mtoto amfanyie mama yake nini zaidi ya hapo? Na miaka yote hiyo, kwangu, hakuwahi kucheza. Nilikuwa najiambia ni magoti. Kumbe magoti yanajua njia ya Nkanka.

Jumatano sikwenda sokoni. Nilinunua sukari na sabuni ili niwe na sababu, nikapanda pikipiki hadi kwa Umuhire. Maman hukaa hapohapo karibu, katika kinyumba walichomjengea alipotoka kisiwani Nkombo, kwetu. Chumba kwangu nilishampa, chenye kitanda cha mbao nzuri. Akasema mjini hasikii ziwa.

Umuhire alikuwa amechuchumaa uani anachambua maharage. Huyu mdogo wangu ana uso ambao huwezi kuugombanisha. Ukimkasirikia unajiona wewe ndiye mbaya, na hilo nalo linakasirisha.

"Dada! Karibu. Ata haukusema uko nakuya."

"Nimesikia kuna ngoma hapa."

"Ngoma gani? Tulikuwa siye na majirani tu. Nsengimana alipata sambaza mingi, tukaita bantu bakule. Kisha bakaanza kuimba." Nsengimana ni mume wake, mvuvi.

"Na Maman?"

"Maman alisimama."

"Nani alimwinua?"

"Hakuna muntu. Alisimama yeye mwenyewe."

Afadhali angeniambia kwamba walimbembeleza, au walimvuta mkono, au walimwonjesha kitu cha moto. Alisimama yeye mwenyewe! Niliangalia ule uwanja, udongo mtupu na mabenchi mawili yaliyopinda, nikatafuta kitu ambacho mimi sina. Sikukiona.

"Bantu balifurahi sana," Umuhire akaendelea, mikono ndani ya maharage. "Banasema tufanye tena Jumapili ya mwisho, kama utatuachilia iyo siku."

Jumapili ya mwisho! Siku yangu! Na anaiomba kwa adabu, kama mtu anayeazima chumvi.

"Haiwezekani," nikasema. "Siku hiyo nina ngoma kubwa." Sikuwa nayo. Lakini kabla sijafika barabarani nilikuwa tayari nimeshaipanga.

Niliipanga kwa hasira, na vitu vya hasira hufanywa vizuri. Nilialika hata wale ambao kwa kawaida huwa siwaaliki: wanakwaya wa parokia, wakubwa wa kazini kwa Harelimana, mwenye duka la simu. Hakimu nikampelekea kitambaa cha njano cha mshanana mpya, lile vazi letu la kufunga begani, mmoja wangu na mmoja wa Maman, kitambaa kimoja, ili tukisimama pamoja kila mtu aone damu ni moja. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: Maman ainuke katika uwanja wangu, mbele ya macho ya watu, acheze nami. Basi. Baada ya hapo Nkanka icheze hadi izame ziwani.

"Ngoma ikivuma sana hupasuka," Harelimana alisema akiniona nahesabu sahani.

"Ipasuke kwangu, si kwa mwingine."

Jumamosi, umuganda ulipokwisha, nilimfuata Maman mwenyewe kwa taksi ili asipeperushwe na pikipiki. Njiani aliuliza, "Na Umuhire? Ngoma yake itakuwa namna gani?"

"Wameisogeza mbele," nikasema, na sikuwa nimeulizia.

Jioni nilimvalisha ule mshanana kuujaribu. Ulimkaa vizuri kupita hata wangu. Nikapiga magoti kumfunga ukingo, nikamuuliza kutoka huko chini, maana ukiwa chini ni rahisi kuomba, "Kesho utacheza na mimi, Maman?"

Akanipapasa kichwa. "Tutaona nyimbo," akasema.

"Nyimbo ni zilezile nzuri."

"Ndiyo, mwanangu. Ni nzuri."

Jumapili walikuja watu hadi viti vikaisha. Wanakwaya walicheza kama wanaopewa alama. Mwenye duka la simu, na tumbo lake lile, alizunguka mpaka akashangiliwa. Mimi nilikuwa nazunguka na masinia, namsogezea huyu kiti, namnyoosha yule mtoto mikono, na kila mara jicho moja liko kwa Maman. Alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, anapiga makofi kwa adabu, kama mtu aliye kwenye mahubiri ya padri mgeni.

Nikaweka sinia chini. Spika ilikuwa inaimba ule wimbo ninaoupenda kuliko zote. Nikaingia uwanjani, nikainua mikono, nikamwendea.

Kwetu, mchezaji akikujia mikono iko juu, anakuita, na wewe unainuka. Kama huwezi, unamgusa viganja, unamshusha mikono polepole, na yeye anaelewa, anakwenda kwa mwingine. Hakuna ugomvi katika hilo. Hata mtoto mdogo analijua.

Maman alinitazama. Akanyoosha mikono yake iliyokauka, akanigusa viganja, akanishusha.

Kwaya nzima iliona. Nilitabasamu, nikageuka, nikasema kwa sauti ya juu, "Maman amechoka na safari!" Safari gani, na amelala kwangu? Niliingia ndani, nikasimama jikoni nikiwa nimeshika kifuniko cha sufuria, sijui cha kufanya nacho. Mtu anaweza kumchukia mdogo wake kwa sababu ya mikono ya mama yake. Nilijua hivyo pale jikoni.

Ndipo niliposikia vigelegele langoni. Nikachungulia dirishani. Ni nani kama si Umuhire! Beseni la sambaza kichwani, Nsengimana nyuma yake, na nyuma ya Nsengimana majirani zao wote wa Nkanka, wale wale wa kwenye video, wamevaa nguo za kanisani.

"Dada, tulisikia ngoma kubwa iko kwako," akasema akinikumbatia na beseni lake. "Tukasema ya kwetu ingoje, tukuye kukusaidia."

Nilikuwa nimemwibia Jumapili yake, na yeye ameniletea watu wake na samaki juu! Nilipokea beseni. Ningefanya nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo, lakini mimi sikupona kitu.

Nikatoka nao uwanjani. Watu wa Nkanka hawakujua nyimbo za spika. Walisimama pembeni, wanachezesha vichwa. Hakimu, ambaye tangu mchana ngoma yake ilikuwa inamezwa na ile spika, alipata sababu.

"Maman Hugues," akaniita kwa jina la kifungua mimba wangu, "zima iyi kintu kidogo. Inanizidi. Ngoma yangu nayo iko na mudomo."

Kabla sijasema neno, Harelimana alikuwa ameshaizima. Hakimu akamgeukia Maman kivulini, akamwita koko, yaani bibi. "Koko, tuanzishie moja ya zamani."

Maman aliinua uso. Alinitazama mimi. Alinitazama kama mtoto anavyomtazama mwalimu kabla ya kutoka nje.

"Zangu haziimbwe hapa," akasema.

"Ju ya nini, Koko?"

"Hapa ni mu muji. Hapa bantu habaziitikie."

Watu wote wakageuka kunitazama. Basi niseme, nisije nikasingiziwa. Ni kweli, zamani, ngoma hizi zilipoanza, Maman aliinua wimbo wa kwetu Nkombo, kwa lugha ya kisiwani, na mimi nikamwinamia sikioni nikamwambia: Maman, hapa siyo, wageni hawatasikia. Hakurudia. Na nilikuwa na haki! Yeye hakuwahi kuletwa Kamembe akiwa msichana mdogo, kukaa kwa shangazi, kusoma na watoto wa mjini. Kila nikifungua mdomo walikuwa wanajibana pua, wananiita sambaza, wananiigiza maneno. Ile lugha niliitoa kinywani kama mtu anavyotoa mwiba, na sikutaka iingie tena uwanjani kwangu, kwenye sakafu niliyoilipia. Umuhire alibakia kisiwani hadi kuolewa. Yeye hakuna aliyemcheka.

Lakini macho yalikuwa mengi mno.

"Nani amekukataza, Maman?" nikasema, na sauti ilitoka na ukali kuliko nilivyotaka. "Imba basi!"

Akaimba, akiwa bado amekaa. Sauti yake haikuwa nzuri, ilikuwa imepasuka katikati, lakini aliurusha ule mstari wa kwanza juu ya vichwa vyetu kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya maji. Umuhire akauitikia. Watu wa Nkanka wakauitikia. Hakimu aliisikiliza miguu yao, akaipata ngoma yake, akaingia. Na Maman akaegemeza fimbo ukutani, akainuka.

"Maman, keti, utach..." Nilijizuia mwenyewe.

Alicheza. Katika uwanja wangu, mbele ya kwaya, mbele ya wakubwa wa kazini, na mshanana wa njano. Ndicho hasa nilichokitaka, na sikukipata. Maana uso wake ulikuwa kwa Umuhire. Kila mstari alioutupa, Umuhire aliudaka na kuurudisha, na Maman akacheka, akatupa mwingine. Hapo ndipo nilipojua kile uwanja wa Nkanka ulichonizidi. Aliinuka kule kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumjibu. Nilikuwa nimesimama na sare moja na mama yangu, nikiwa mgeni kuliko mwenye duka la simu.

Halafu Maman akageuka. Akaniona. Akainua mikono, akaja.

Nilitamani kumgusa viganja na kumshusha, kama alivyonifanyia. Sikuweza. Niliingia duara. Sasa, katika nyimbo za kisiwani, anayeitwa huitikia peke yake kwanza, wengine wanapiga makofi tu na kusubiri, ndipo wanapokea pamoja. Hilo nililikumbuka nikiwa nimeshasimama mbele yake. Maman akatupa mstari.

Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni pumzi. Sauti ya wimbo ilikuwemo, ilikuwa inapanda na kushuka ndani ya kifua changu mahali palepale ilipokuwa nikiwa mtoto, lakini maneno hayakuwemo. Niliyatafuta. Mwiba niliutoa vizuri, hata kipande hakikubaki. Makofi yakaendelea, yananingoja. Maman, akidhani sikusikia, akautupa tena ule mstari, taratibu zaidi, na nikaona kitu kinaanza kuzimika usoni mwake.

Ndipo mkono ukanigusa begani kutoka nyuma. Umuhire. Alishika fundo la mshanana wangu kama anayelikaza, akainamisha kichwa, akaninong'oneza sikioni. Maneno matatu, manne. Ya kujibu.

Nilitaka kumsukuma. Naapa. Hata hili, hata hili naye ndiye awe nalo! Lakini Maman alikuwa mbele yangu na mikono yake inaanza kushuka, na masikio yake siku hizi hayasikii cha chini. Niliyachukua maneno yakiwa bado na joto la mdomo wa Umuhire, nikayaimba.

Uso wa Maman ulifunguka. Sina namna nyingine ya kusema. Akatupa mstari wa pili, Umuhire akanong'ona, nikajibu. Wa tatu, nikajibu. Watu wakapokea kwa nguvu, Hakimu akaipiga ngoma karibu aitoboe, na Maman akaacha kucheza katikati, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, akawageukia watu.

"Munaona?" akasema, machozi yanamtoka. "Balikuwa banasema mukubwa wangu amesahau. Miye nilisema apana. Nilisema ako nayo ndani. Munaona!"

Nikamtazama Umuhire. Alikuwa amesharudi nyuma na kujichanganya na wenzake, anapiga makofi kama kila mtu. Neno moja tu lingetosha kuniangusha. Nililingojea. Mimi ningelisema.

"Ni kweli, Maman," akasema. "Dada anazijua zote."

"Unazijua zote?" Maman akaniuliza, kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwangu.

"Zote, Maman," nikasema.

Akacheka. Akainua tena mikono, akavuta pumzi, akatupa mstari wa wimbo mwingine, na mimi nikageuza kichwa haraka kumtafuta Umuhire.